Moyo Ulioelekea Kulia

Machi 3, Jumatatu

Mvua imeanza leo, mapema kuliko tulivyotegemea, na paa la chumba cha samaki linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimetega ndoo. Profesa wangu, mama mtu mzima, ameingia, ameitazama, akasema, "Binti, angalia hiyo ndoo isije ikazaa samaki." Huo ndio utani wake wa mwezi mzima.

Naanza kuandika kwa sababu kazi imefika pazuri na sitaki kuisahau. Nachunguza viinitete (watoto wakiwa bado wanaumbika ndani ya yai) vya samaki wadogo, wale ambao mayai yao ni angavu kama kioo. Mwanzoni kabisa, kabla hakijapata kichwa wala mkia, seli za kiinitete hutambaa kwenda zinakotakiwa. Seli inapojivuta kusonga mbele huacha nyuma nyuzi nyembamba, na kwenye nyuzi hizo huvimba vifuko vidogo. Kitaalamu vinaitwa migrasomu. Mimi na Profesa tunasema vifuko tu. Ukiviona kwa mara ya kwanza utadhani ni takataka, lakini ndani mna ujumbe wa kikemikali. Seli iliyoviacha imeshakwenda zake. Zinazofuata huupokea ujumbe na kukusanyika mahali pale. Katika samaki wetu, mkusanyiko huo husaidia kuunda kiungo kidogo kinachouonyesha mwili kulia ni wapi na kushoto ni wapi.

Kazi yangu ni kuharibu. Nazuia vifuko visiumbike, kisha naangalia nini kinakwenda kombo.

Mdogo wangu amepiga simu. Mimba ina miezi saba. Anasema humo ndani kuna mechi ya mpira.

Machi 5

Sindano ya kudungia mayai imeziba siku nzima. Mvua.

Machi 9, Jumapili

Nimeshinda kwa mdogo wangu. Mama alikuwa ametangulia na ameshaliteka jiko. Shemeji alinipokea mlangoni kwa kelele. Ni fundi wa kuchomelea mageti, mtaa mzima unamwita Cheche, na nadhani ni kwa ajili ya mdomo wake kuliko kazi yake.

"Shem, karibu! Bosi amekuulizia tangu asubuhi."

Bosi ni mtoto aliye tumboni. Cheche huinama mpaka usawa wa kitovu cha mkewe, anasema, "Bosi, shikamoo," kisha anajijibu kwa sauti nyembamba, "Marahaba, na wewe umechelewa kazini." Mdogo wangu anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi sikucheka. Wameoana siku nyingi sasa, na bado najiuliza binti aliyekuwa wa kwanza darasani kila mwaka aliona nini kwa mtu huyu.

Machi 12, Jumatano

Imekubali! Viinitete nilivyovizuia visitengeneze vifuko vimefikia umri wa kuwa na moyo, na vingi moyo umekwenda upande usio wake. Umeelekea kulia badala ya kushoto, na unadunda tu kama vile hakuna kilichoharibika. Nilimwita Profesa. Aliinamia hadubini muda mrefu, akasema, "Rudia." Kwake hiyo ni pongezi.

Nikampigia mdogo wangu kumwambia. Hakuelewa sana, ila alifurahi kwa sababu nimefurahi. "Dada, kwa hiyo umewageuza mioyo? Utachomwa moto wewe," akacheka.

Machi 14, Ijumaa

Sijui nianzie wapi.

Jana kliniki mkunga alisikiliza mapigo ya mtoto, akasikiliza tena, akawaandikia kwenda hospitali kubwa. Leo tumekwenda watatu, mimi nikiwa mtaalamu wa familia. Daktari wa moyo wa watoto ni mama mmoja mwenye sauti ya chini na mikono ya taratibu. Alipaka mafuta tumboni, akaanza kupitisha kifaa cha kupigia picha, akakirudisha palepale mara ya pili, mara ya tatu.

"Daktari, Bosi amejificha?" Cheche akauliza. Hakuna aliyecheka. Nilitamani kumziba mdomo.

Niliuona kwenye kioo cha mashine kabla daktari hajasema. Ncha ya moyo ilikuwa imeelekea kulia. Tangu juzi nimetazama mioyo ya namna hiyo, ningeitambua hata kwenye giza.

Daktari alitueleza taratibu. Moyo kuwa kulia peke yake si lazima iwe balaa. Kuna watu wana moyo wa namna hiyo na wamezeeka nao. Shida ni kwamba wa mtoto huyu haukujengeka vizuri. Mishipa mikubwa imetokea pasipo pake, na ukuta wa katikati haujakamilika. Atahitaji upasuaji akishazaliwa, iwapo atakuwa na uzito wa kuustahimili.

Nikasubiri Cheche atoe upuuzi mwingine. Akauliza, "Saa hizi anaumia?"

"Hapana. Humo ndani mama yake anamfanyia kazi yote."

"Basi akae humohumo kwanza," akasema, akachukua kitambaa akamfuta mkewe yale mafuta.

Nje, chini ya kibaraza, mdogo wangu alisimama akitazama mvua. "Dada. Si ndiyo hii kazi yako?"

"Ndiyo."

"Wale samaki ulionipigia simu Jumatano. Ulifurahi."

Cheche alimfunika kwa koti lake wakaondoka pamoja. Mimi nilibaki pale kibarazani mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna mgonjwa ninayemsubiri.

Machi 15

Mvua. Sikutoka.

Machi 17, Jumatatu

Mama amenijia juu. "Umesoma mpaka macho yamekuingia ndani. Mtoto wa mdogo wako anaharibika, wewe unaniambia hujui?" Nikamwambia sijui, Mama. Basi akamgeukia mdogo wangu: alikula nini, alibeba ndoo, alilala ubavu gani. Mdogo wangu aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Cheche ndiye aliyemwambia Mama, tena kwa heshima zote, "Mama, nakuomba. Maswali hayo niulize mimi."

Machi 18

Maabara. Nimevunja sahani mbili za viinitete. Nimeokota vipande mwenyewe.

Machi 20, Alhamisi

Mdogo wangu ameniita. Nilidhani ananiita anigombeze. Alikuwa amekaa kitandani, miguu imemvimba, juu ya mto.

"Nieleze," akasema. "Usinionee huruma, nieleze. Mtoto wangu alikosea wapi njia?"

Nikamweleza kama ninavyoweza. Kwamba mwanzoni, pengine kabla hajajua kuwa ana mimba, seli zilikuwa zinatembea. Kwamba kwa samaki wangu, zile zinazotangulia huacha vifuko nyuma yao, na zinazofuata huvitegemea kujua pa kukusanyika. Vikikosekana, mwili unashindwa kujua kushoto ni wapi, na moyo unakwenda popote.

"Kwa hiyo waliotangulia hawakuacha kitu?"

"Hiyo ni kwa samaki. Na hata kwao ni njia moja tu kati ya nyingi. Kwa mtoto wako sijui. Hakuna anayejua."

"Sikuinua kitu kizito?"

"Hata ungebeba jiwe la kusagia kutwa, seli hizo hazijui ndoo wala jiwe."

Aliishusha miguu sakafuni. Kisha akasema, "Hakuna anayejua. Hilo ndilo neno la kwanza nililolielewa tangu siku ile." Akajiegemeza kwangu. Mtoto alikuwa anacheza. Nilimsikia kwenye ubavu wangu, teke, tulia, teke.

Machi 24

Mvua imezidi. Barabara ya bondeni imefungwa. Samaki wazima.

Machi 27, Alhamisi

Nimemwendea Profesa kuomba ruhusa ya kukaa hospitali wakati wa uzazi. Nikalazimika kumweleza sababu. Alisikiliza bila kuacha kusafisha miwani yake. Halafu akasema:

"Akizaliwa, unadhani familia ingekubali kutoa damu kidogo ya mtoto? Kuna wenzetu wanaotafuta chanzo cha hali hizi kwa binadamu. Kuna utaratibu wake, kuna kamati ya maadili."

Nilisema, "Familia haikubali." Akaanza, "Hujawauliza—" nikarudia, "Haikubali, Profesa," nikatoka nikiuacha mlango wazi. Nimefanya kazi chini ya mama huyu miaka yote hii nikidhani ndani ya ule ukavu kuna mtu. Hakuna mtu. Kuna hadubini.

Machi 30

Cheche amepaka rangi kitanda cha chuma alichomtengenezea Bosi. Njano. Inagoma kukauka kwa unyevu, naye kila baada ya muda anaigusa na kidole, kidole kinatoka njano.

Aprili 4, Ijumaa

Uchungu umemshika mdogo wangu alfajiri, kabla ya wakati. Maji yalikuwa yamefika magotini pale njia panda. Cheche na jirani wamembeba kwenye kiti cha plastiki mpaka penye gari, yeye amejikunja kitini chini ya mwavuli wa Mama kama malkia, analia na kuwagombeza wasiyumbe.

Mtoto wa kike. Alilia kidogo sana, kama mlango unaofunguliwa taratibu, wakamkimbiza chumba cha watoto njiti. Ni mdogo. Nimezoea kuangalia vitu vidogo kazini kwangu, lakini udogo wa mtoto huyu sikuuzoea.

Cheche pekee ndiye aliyeruhusiwa kuingia, sisi tukibaki mlangoni. Alisimama mbele ya kile kisanduku cha joto akiwa amevalishwa kofia na koti la karatasi, mikono mgongoni, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Bosi," akasema. "Shikamoo."

Muuguzi aligeukia ukuta.

Aprili 5

Uzito hautoshi. Daktari wa moyo anasema tusubiri, wanampa dawa ya kuuacha wazi mshipa mmoja unaomsaidia. Midomo yake ni ya bluu. Mdogo wangu ameruhusiwa kumshika, kifuani, ngozi kwa ngozi, na mipira yote ile. Mimi nilibaki nje ya kioo na sikuona vizuri.

Aprili 6, Jumapili

Ameongezeka kidogo. Mama ameimba jikoni. Cheche amelala sakafuni koridoni, viatu chini ya kichwa, na walinzi wameacha kumfukuza.

Aprili 7, Jumatatu

Amefariki asubuhi, kwenye mikono ya mama yake. Daktari alikuwapo. Mvua ilikuwa inanyesha.

Aprili 8

Tumemzika. Cheche alimbeba mwenyewe njia nzima na hakukubali kupokewa.

Aprili 10, Alhamisi

Nyumba yao imejaa watu wanaosema neno lilelile: bado kijana, utapata mwingine. Mdogo wangu anaitikia, asante, asante, kama mtu anayepokea zawadi asizojua aziweke wapi. Cheche hasemi. Sikujua kwamba kelele zake ndizo zilizokuwa zinaishikilia nyumba hii. Amekaa uani, anachonga fimbo ya chuma isiyo na kazi yoyote, anaigeuza, anachonga tena.

Mama alimfuata mdogo wangu chumbani. Nilidhani maswali yameanza upya, nikasogea mlangoni. Alikuwa amepiga magoti, anamkanda miguu, anasema, "Nisamehe mwanangu, niliogopa tu, niliogopa." Nikarudi sebuleni.

Maziwa ya mdogo wangu yamekuja. Hakuna aliyetuambia kwamba yangekuja. Nguo zake zimelowa mbele, naye anajitazama kama aliyetukanwa.

Aprili 12

Nimepita maabara kulisha samaki, nikitegemea kukuta wamekufa. Nimekuta tangi zote safi. Juu ya meza yangu kulikuwa na sahani za viinitete zilizoandikwa kwa mwandiko wa Profesa. Amerudia jaribio langu lote mwenyewe, kwa mikono yake ya kizee inayotetemeka. Sahani nyingi ameziharibu, akaanza upya. Kisha amekwenda hatua moja mbele: amekusanya vifuko kutoka kwenye viinitete vizima, akavidunga kwenye vile visivyokuwa navyo. Baadhi ya mioyo imerudi kushoto. Si yote.

Alinikuta nimeinamia hadubini. "Ni jaribio lako," akasema. "Jina litakuwa lako." Halafu, akiitazama ndoo pale chini: "Nilikuuliza vibaya, binti. Na nilikuuliza siku mbaya. Sijui kuongea na watu, nadhani umeshaligundua hilo."

Nikasema ndiyo, nimeligundua. Nilipotoka nilikwenda chooni nikalia, kwa sababu ya ile mioyo iliyorudi.

Aprili 13, Jumapili

Nilimsimulia mdogo wangu yale aliyoyasema Profesa mwezi uliopita, kuhusu damu. Sijui kwa nini. Labda nilitaka tukasirike pamoja, tuwe upande mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia familia haikubali."

Alivuta shuka mpaka kidevuni. "Ningekataa," akasema. "Lakini ningependa kuulizwa. Watu wote mlikuwa mnanijibia, Dada. Daktari akiniuliza, Mama anajibu. Mama akiniuliza, unajibu wewe. Mtoto alikuwa wangu."



Aprili 14

Mvua ndogo.

Aprili 15, Jumanne

Matiti ya mdogo wangu yamejaa mpaka homa imempanda. Nimempeleka hospitali. Muuguzi wa chumba cha watoto njiti, yule aliyegeukia ukuta siku ile, alitupokea, akamfundisha kukamua kidogo kidogo ili yapungue polepole. Mdogo wangu alikamua kwenye bakuli huku akitazama dirisha.

Muuguzi akakaa mbele yake. "Mama, nina jambo la kukuomba, na ukikataa hakuna atakayekulaumu. Kuna mtoto amezaliwa kabla ya wakati. Mama yake yuko chumba cha wagonjwa mahututi, hajazinduka. Maziwa ya kopo tumbo lake linayakataa. Tukikupima damu na majibu yakiwa salama..."

Neno hapana lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu. Nani anathubutu kumwomba hivyo mtu aliyezika juzi? Nilifumbua mdomo. Mdogo wangu hakunitazama, lakini alinyoosha mkono na kuuweka juu ya goti langu, na mimi nikafunga mdomo.

Tulimsikia mtu akisukuma kitanda chenye gurudumu bovu koridoni, mpaka sauti ikaisha.

"Ni wa kiume au wa kike?" mdogo wangu akauliza.

"Wa kiume."

"Afadhali," akasema. "Nipime."

Aprili 17

Majibu salama. Anakamua kila baada ya saa chache. Mama anachemsha chupa, anazipanga, anamfukuza kila anayezisogelea.

Aprili 19, Jumamosi

Leo nimemwona Cheche akitoka na baiskeli kwenye mvua, kisanduku cha barafu amekifunga kifuani ndani ya koti, si kwenye kiti cha nyuma. Nikamwambia nitachukua gari nipeleke mimi. "Hapana, Shem. Nyuma panatikisa." Akaenda akikwepa madimbwi kama aliyebeba mayai. Anakwenda asubuhi, anakwenda jioni, na hajawahi kuomba kumwona huyo mtoto. Anakabidhi, anasubiri kisanduku kitupu, anarudi.

Mambo yote niliyowahi kuandika juu ya mtu huyu kwenye kurasa za mwanzo nayaacha kama yalivyo, ili nijue nilivyokuwa.

Aprili 22

Jioni Cheche amerudi ameloa chapachapa. Mdogo wangu akamuuliza kulikoni kuchelewa. "Mlinzi ananiuliza kila siku nauza nini. Leo nimemwambia nauza aiskrimu, akanikimbiza mpaka ngazi ya pili." Mdogo wangu alicheka. Kicheko kikampeleka mbali kuliko alivyotaka, kikageuka, akalia akimshika shati lile la maji, naye Cheche akalia, wamesimama katikati ya sebule. Mimi na Mama tukatoka nje.

Aprili 25

Kazini. Viinitete vipya. Mioyo michache imerudi, mingine haikurudi, na hatujui kwa nini.

Aprili 29, Jumanne

Muuguzi amepiga simu. Mama wa yule mtoto amezinduka, tena tangu wiki iliyopita, na leo amemnyonyesha mwanawe mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mtoto anaendelea vizuri. Muuguzi alishukuru mpaka akakosa maneno. Mtoto hahitaji tena maziwa yetu.

Mdogo wangu aliiweka simu chini kwa uangalifu. Chupa za jioni zilikuwa mezani, zimejaa. Cheche alikuwa tayari amevaa koti. Alimtazama mkewe, akalivua, akalitundika msumarini, akatoka kwenda karakana, na baada ya kitambo tukamsikia akigonga chuma.

Nilimfuata mdogo wangu chumbani. Alikuwa anajifunga kitambaa kifuani, anakikaza, kinalegea kabla hajapata kufunga fundo. Nilitaka kumfungia. Nilitaka kumwambia amefanya jambo kubwa, kwamba mtoto wa watu yuko hai, na maneno mengine mazuri yaliyokuwa yamejipanga. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Unataka nikufanyie nini?" nikamuuliza.

Aliachia kitambaa. Nje mvua ilikuwa imekatika na watoto wa jirani walikuwa wameshatoka uani.

"Watu wote wananiambia pole," akasema. "Wanashukuru maziwa. Yeye hakuna anayemuulizia. Wewe ulikuwa nje ya kioo, Dada, hukumwona vizuri. Niulize alikuwaje."

"Alikuwaje?"

Akaanza na miguu. Alisema ilikuwa mirefu, ya baba yake kabisa, na kidole kimoja cha mguu wa kushoto kilikuwa kimempanda mwenzake.